Kanga ya Mama Katikati ya Gari Letu

Na hapo ndipo mtandao ulipotukata, mume wangu mpenzi, ukabaki unajua mambo mawili tu: kwamba baba yako amelazwa Korogwe na anaendelea vizuri, na kwamba aliyemfikisha huko kwa gari ni mimi. Kwa la kwanza ulimshukuru Mungu. La pili uliniuliza mara mbili, sauti imekukauka, kama kweli baba amepanda gari ninaloendesha mimi. Kisha kimya. Najua ulikuwa mtandao, lakini nilijichekea nikasema labda mwanaume wangu ameanguka chali huko Dodoma kwenye kambi yao ya barabara.

Usianguke. Kaa chini usome, kwa sababu hata mimi bado nimepigwa na butwaa. Nashika sufuria nasahau nilitaka kupika nini.

Unakumbuka siku uliyolileta gari kwetu Kwashemshi nilione kabla ya mtu mwingine yeyote? Wenzangu wakichumbiwa huambiwa macho yao ni kama nyota. Mimi niliambiwa lita tatu, dizeli, silinda nne, turbo. Ulilizunguka unagusa hapa na pale, unanieleza kwamba gia zake ni za otomatiki, linabadilisha lenyewe, kwamba viti ni saba na vya nyuma vinalala vyote pakawa kama kitanda, kwamba kwenye tope unavuta kigingi kidogo na magurudumu yote manne yanafanya kazi. Ulisema ni zito, karibu tani mbili, na kwamba haliondoki kwa papara, linavuta pumzi kwanza. Mimi nilikuwa naangalia midomo yako. Hata leo mtu akitaja turbo mbele yangu naona haya.

Na siku ya harusi, tulipokuwa tunashuka milima, mama zangu wadogo wanaimba kule nyuma mpaka vioo vinatetemeka, mkono wako wa kushoto haukuwa na kazi ya gia, ukaushika wangu. Ukaushika kona zote hadi chini, ukaushika kwenye lami, ukaushika mpaka kwenu Kwedizinga. Nikakuuliza, gari likiuhitaji huo mkono je? Ukasema, "Hili ni gari la mwenye mke." Mpenzi, nilitamani barabara isiishe.

Kisha kabla hujaondoka ukanifundisha kuliendesha kwenye njia ya mashamba. Nilijiona najua, maana baba yangu alinifundisha kwenye pikapu lake la kubebea mboga, na kule kwetu ukikosea klachi kwenye kilima unarudi kinyumenyume hadi bondeni. Wewe ukanipigapiga goti la kushoto ukasema huu mguu hapa ni mgeni, ukae, usiguse kitu chochote cha wenyewe. Nikaitikia. Mguu wenyewe haukuitikia, kama utakavyoona.

Sasa baba. Unamjua baba yako alivyo na mila za mkwe. Tangu niolewe hajawahi kusema na mimi moja kwa moja. Nikimwamkia nasimama mbali, nainama, anaitikia marahaba anatazama mchungwa. Tukikutana njiani, mmoja wetu huingia majanini. Chakula kikikosa chumvi anamwambia mama, "Mwambie mwenye jiko chumvi imepungua," na mwenye jiko nimesimama pale pale nasikia. Nilipokulilia kwamba hanitaki kwa sababu mimi Msambaa, ulicheka ukanifuta machozi na kunieleza kwamba huko ndiko kupenda kwa baba mkwe wa Kizigua, anakuheshimu kwa kukaa mbali nawe. Nikaamini kwa sababu ni wewe uliyesema.

Ijumaa asubuhi mama akaja jikoni amejitanda kanga vibaya, nikajua kuna jambo. Akaninong'oneza kwamba baba hajapata haja ndogo tangu jana. Alificha. Sasa tumbo limejaa chini ya kitovu, jasho linamtoka, hawezi kukaa wala kusimama. Mganga wa zahanati akaja, akamshika kidogo tu, akasema jambo hili si la kungoja, akikaa hivi figo zitaharibika na tutampoteza. Awahishwe Korogwe kwa daktari aliyewahi kumtibu tezi dume. Bodaboda akaitwa. Baba akajaribu kupanda, akashuka amekunja uso kama mtu aliyekalia moto. Basi linapita lami, na lami iko mbali.

Gari letu limesimama uani. Mama akalitazama, kisha akanitazama mimi.

Nilikuwa nje ya dirisha nikasikia vizuri jinsi baba alivyokataa. Alisema maradhi ya sehemu hiyo na mkaza mwana haviingii gari moja, afadhali afe na heshima yake. Niliona nikikupigia simu kukuambia kwamba gari lilikuwepo, mafuta yalikuwepo, dereva alikuwepo, na baba amekufa kwa kunionea haya.

Mama yako ni mwanamke, acha watu waseme. Hakupandisha hata sauti. Alimwambia, "Ukifa utavuliwa nguo uoshwe. Hiyo heshima yako utakuwa umeivaa wapi?"

Mama akatoka, akafungua milango ya gari, akavua kanga yake ya juu, akaifunga ncha moja kwenye kishikio cha juu ya mlango wa kulia na nyingine kwenye cha kushoto, ikaning'inia katikati nyuma ya kiti changu kama pazia la chumbani. Akarudi ndani. Akamwambia hiki sasa ni chumba na kile ni chumba, wewe humuoni yeye hakuoni. Baba akatoa masharti. Kwanza nisiseme neno. Mama akasema sitasema. Pili nisipite sokoni. Mama akasema sitapita, na anajua kama ninavyojua mimi kwamba njia ni hiyo hiyo moja.

Tukalaza viti, tukatandika godoro. Nikageuka ukutani wakati anapandishwa. Nikawasha ufunguo nusu, nikangoja ile taa ya njano izime kama ulivyonifundisha, injini ikaitikia kwa ile sauti yake ya kukohoa kisha kutulia. Nikatia D. Kioo cha katikati kikawa hakina kazi, kilikuwa kinaonyesha maua ya kanga tu, nikabaki na vya pembeni.

Nikuambie ukweli, gari hili lina roho ya kubeba mgonjwa. Kwenye mashimo linazama na kupanda taratibu, kama mwanamke aliyejitwisha ndoo ya maji. Ukikanyaga mafuta kidogo linasita, unadhani halijakusikia, kisha linavuta lote kwa pamoja. Nyuma ya pazia nilisikia baba akisema, "Mwambie apunguze," na mama, "Punguza, mwanangu." Mara, "Mwambie aongeze." "Ongeza, mwanangu." Maneno yanatoka mkono mmoja kutoka sikioni mwangu, lakini lazima yapitie kwa mama kwanza. Sokoni tulipita kasi. Mama akaanza kumsimulia habari za mbuzi wa jirani kwa sauti kubwa ili asisikie watu.

Kabla ya kufika lami, ng'ombe wa wafugaji wakatoka vichakani na ndama wao. Na hapa, mpenzi, mguu wangu wa kushoto ukakumbuka kwao. Ulitoka mahali ulipolala, ukaruka kutafuta klachi ya pikapu la baba yangu, ukakuta ile breki pana, ukaishindilia kwa nguvu zote za milima ya Usambara.

Gari lilisimama kana kwamba limefika ukutani. Kishikio kimoja kiliachia kanga, pazia likaanguka. Godoro likateleza na baba juu yake, kichwa chake kikaja kukaa katikati ya viti viwili vya mbele, karibu na kiwiko changu. Kofia yake ikaruka ikatua mapajani mwangu.

Ng'ombe alisimama anatutazama. Mimi nilikuwa nimeshika usukani, kofia ya baba mkwe imo mapajani mwangu, siwezi kuigusa na siwezi kuiacha, nawaza kwamba ndoa yangu imekwisha kabla hina haijatoka kuchani. Nikainamisha macho ili nisimuone, na huko chini ndiko nikamuona. Tulitazamana, yeye kichwa chini mimi kichwa juu. Ana macho yako. Hukuniambia kwamba ana macho yako.

"Umekanyaga nini?" akauliza. Aliniuliza mimi. Mama alifungua mdomo anipelekee swali, akaufunga.

"Breki, baba. Nilidhani klachi."

Akahema, maumivu yakampitia, nikaona jasho kwenye nyusi. Kisha akasema, "Breki tumeiona, mwanangu. Sasa tuone mwendo."

Mwanangu. Nilisikia kwa masikio yangu haya. Mama akaanza kuifunga kanga upya, baba akamwambia aache, kuna joto. Mwenyewe akanyoosha mkono akachukua kofia yake, akaivaa vile vile amelala.

Niliukunja mguu wa kushoto chini ya kiti kama mwizi anayeficha mkono. Tulipoingia lami nilikuwa nalia na kuendesha. Mbele yetu kukawa na lori limejaa magunia, linajikokota kilimani. Nikasita. Nyuma yangu baba akasema, bila kumpitishia mama, "Lipite." Nikatazama kioo, njia nyeupe, nikakanyaga mafuta mpaka chini. Gari likanyamaza kidogo, likashuka gia lenyewe, kisha ile turbo yako ikaanza kupiga mluzi, na lori likabaki nyuma kama limeegeshwa. Hapo ndipo nilipoelewa ulichokuwa unanieleza Kwashemshi siku ile. Nisamehe kwamba nilikuwa naangalia midomo.

Korogwe walimpokea bila kuchelewa. Nilikaa kwenye benchi nje, mikono imeganda kana kwamba bado nimeshika usukani, hadi niliposikia sauti ya baba ndani ikisema alhamdulillahi kwa kuivuta, ndefu, ya mtu aliyetua mzigo. Mama akatoka anacheka na kulia, akanishika kichwa akakibana kifuani.

Jioni nikaambiwa naitwa. Nilisimama mlangoni, nikainama kama kawaida. Baba akaniuliza nani alinifundisha kuendesha. Nikasema baba yangu, na mume wangu.

"Baba yako amefundisha mguu wa kushoto," akasema. "Na mume wako, yeye amefundisha nini?"

Mama alicheka mpaka muuguzi akaja kututuliza. Jitetee mwenyewe ukipata nafasi. Kisha akageukia ukutani, akaniambia kesho uji nilete mimi, mama yako anautia sukari kama anafanya biashara ya miwa.

Basi nipo Korogwe kwa shangazi, napika uji. Namwekea kitandani mwenyewe, kwa mkono wangu, naye anaupokea. Hatusemi mengi. Jana alinieleza habari za machungwa yake, nusu ya maneno akiyaelekeza dirishani. Lakini alinieleza mimi.

Daktari anasema ataruhusiwa akiwa na mpira wake wa mkojo, kisha tezi ionwe na bingwa. Alimpa kuchagua: Tanga, Dar es Salaam au Dodoma. Baba akasema Dodoma, kuna mwanawe. Daktari akauliza nani atampeleka, maana safari ni ndefu. Mama akawahi kusema watatafuta dereva. Baba akamkata, akasema dereva yupo, na yeye atakaa kiti cha mbele, aone barabara na amwangalie huyo dereva miguu.

Kwa hiyo fagia hicho chumba chako cha kambini, mpenzi wangu, ununue mkeka mpana, na usimwambie mtu kwamba unalia. Kabla mwezi huu haujaisha tutakuwa getini kwako, na wa kwanza kushuka, upande wa mbele, atakuwa baba.

Akupendaye kwa miguu yote miwili,
Mkeo