Mafuta ya Chapati Kwenye Platini

Dada Rehema,

Shikamoo kutoka Bwera, huku mpakani, ambako mvua inanyesha huku jua likiwaka, na mimi nimeumbuka mchana kweupe.

Nilikuja kuonyesha darasa moja jinsi asidi ya fomiki, ile inayowasha ukiumwa na sisimizi waitwao majimoto, inavyotoa umeme wa kuzungusha feni ndogo ikikutana na platini. Kipande changu cha platini ni chembamba kama ukucha, na kikipata mafuta kinagoma. Kule chuoni huwafokea wanafunzi wangu wasikiguse kwa vidole. Basi mimi nikatoka kula roleksi, chapati iliyoviringishwa na mayai, kwa Mama Kavira wa Butembo, ng'ambo ya mpaka, anayekaanga getini mwa shule, nikakishika hivyo hivyo.

Feni haikuzunguka. Nikalaumu waya, nikalaumu asidi, nikalaumu hata ukungu wa Rwenzori.

Mama Kavira akachungulia dirishani. "Profesa, ile kitu yako iko na mafuta ya chapati yangu. Weka ku moto, itaungua."

Nusura nimcheke. Kisha nikakumbuka kuwa hata maabarani tunafanya hivyo. Tukakichoma kwenye jiko lake la gesi hadi kikawa chekundu, kikapoa, na feni ikazunguka. Darasa zima likampigia makofi yeye.

Nimewakumbuka mno, wabusu watoto. Mama akitaka umsomee kadi hii, mwambie feni ilizunguka, uishie hapo. Yeye ndiye aliyenifundisha kunawa mikono.

Mdogo wako,
Elia