Wimbo wa Kumtafuta Enock

Jumapili, 2 Februari

Kikao cha kamati leo, Oakdale, nje kidogo ya Saint Paul, kwa Mzee Solomon. Sendoff ni yangu, lakini ungewasikia ungedhani wanaolewa wao. Mapambo wamechagua wao. Chakula wao. Sawa. Sina mzazi huku ughaibuni, Mzee na mkewe Mama Jedidah ndio wanasimama kama baba na mama. Nikanyamaza. Mpaka wakafika kwenye muziki.

Nikasema: wimbo wa kumtafuta mchumba nachagua mimi. Si ndiyo pale nazunguka meza kwa meza najifanya simwoni, hadi nimshike mkono nimpeleke kwa wazazi? Miguu yangu, wimbo wangu. Nikawawekea kwenye simu. Ule wa Kiestonia.

Maswali. Ni Kirusi? Kituruki? Mama Jedidah akataka kujua kama hakuna laana humo ndani. Mzee akafunga mjadala: watu hawaelewi, tupige bolingo la zamani, wacheze.

Bolingo! Nani mle ndani anajua Kilingala? Tangu tunazaliwa tunacheza dansi la Kongo, hatujui hata neno, na hakuna aliyewahi kuuliza laana. Kunya anye kuku, akinya bata kaharisha. Sikuisema methali, nilisema hoja. Mzee akasema siku hizi nina mdomo. Ninao, ndiyo.

Jumanne, 4 Februari

Nimekaa maktaba, namalizia ile kazi ya chuo: watu wa Ulaya wanasikiliza nyimbo za lugha gani, yao au ya wageni. Nimewahoji kwa video. Kijana wa Helsinki: kwa Kiingereza anacheza, kwa Kifini analia. Dada wa Lisboni anapenda nyimbo za Kiitaliano, hajui Kiitaliano, na hana mpango wa kujifunza. Bibi mmoja wa Talini, Estonia, bado anaimba jikoni nyimbo za Kifini za ujana wake. Nilimuuliza nani alimruhusu. Hakuelewa swali! Huko hawana kamati.

Estonia niligawiwa na mwalimu mwaka jana, bahati tu. Baridi yangu ya kwanza. Chumba cha Frogtown, Faridah mwenzangu wa chumba yuko kazini, mimi na ule wimbo. Maana yake nilikuja kuambiwa baadaye: mtu anamwambia mpenzi wake avae kofia, nje kuna baridi. Basi. Laana ndiyo hiyo.

Nikawa nauimba kwenye treni ya Green Line, chini chini. Kaka mmoja mwenye sare za hospitali alikuwa amenisikia nikiongea na mama kwenye simu. Akaniuliza kwa Kiswahili kama nanena kwa lugha. Nilicheka hadi nikapitiliza kituo. Ndiye Enock. Sasa niambiwe nimtafute kwa wimbo mwingine? Thubutu.

Jumapili, 9 Februari

Leo Enock alikuja kikaoni. Nilimtegemea. Mzee Solomon akamuuliza, kijana, wewe unasemaje. Akaangalia zulia.

"Kamati ikiamua, mimi sina neno."

Hana neno. Yeye!

Kwenye gari nikamtolea yote. Akaniacha nimalize. Akasema Mzee ndiye aliyempokea uwanja wa ndege alipokuwa hajui mtu, akalala kwenye kochi lao hadi alipopata kazi. Hawezi kumvunjia heshima kwa ajili ya wimbo. Nilimwelewa. Ndiyo maana imeniuma zaidi, ningekuwa simwelewi ningemtukana tu yaishe.

Nikamwambia: siku hiyo ukipigwa wimbo mwingine, sitoki kukutafuta. Utakaa hapo hapo ulipo. Akacheka. Anadhani natania.

Alhamisi, 13 Februari

Nimempigia dijei. Sosthène, Mkongo. Nikamweleza kila kitu. Kacheka mpaka kakohoa. Anasema kila harusi Watanzania wanamwagika ukumbini kwa vigelegele, wimbo wenyewe ni wa mjane anamlilia mumewe. Hajawahi kuwaambia, anawaonea huruma. Wangu ataupiga. Bien sûr, kasema, yaani bila shaka. Haya.

Enock katuma meseji kuuliza kama bado nimenuna. Bado.

Jumamosi, 22 Februari

Naandika kwenye simu. Chumba cha nyuma cha ukumbi, Saint Paul. Gauni ni zuri, sikatai.

Emsii kasema bi harusi aje amtafute mwenzake. Wakapiga bolingo.

Meseji ya Sosthène: pole dada, Mzee kanisimamia kichwani, kaleta flashi yake.

Nimevua viatu. Faridah, ambaye leo ndiye mpambe wangu, anasema twende, watu wamesimama, simu ziko juu. Sitoki. Bolingo limeisha, wamelirudisha mwanzo. Emsii anatania kuwa bi harusi labda kapata mwingine njiani.

Mama Jedidah kagonga. Anasema namwaibisha yeye na mzee wake. Nimemjibu taratibu kupitia mlango: shikamoo yake iko pale pale, na chakula chao nitakila, na magoti nitapiga. Ila sitoki.

Muziki umekatika. Katikati kabisa.

Mtu anaimba.

Hana maiki, hana ala. Kiestonia. Kiestonia gani hicho, jamani! Nusu ya maneno kayatunga mwenyewe, na sauti haijui inakoelekea. Sasa yuko kwenye kiitikio, pale pa kofia. Ukumbi unacheka. Namsikia Mzee Solomon anamwambia, kijana, kaa chini.

Kaanza tena mwanzo.

Kuna anayempigia makofi, hajui hata anapigia nini. Faridah kageukia ukutani, wanja wote umemtiririka. Na mimi nimtafute vipi sasa, ukumbi mzima umeshajua alipo. Mzee anamwambia tena akae. Kiatu hiki hapa cha kulia, cha kushoto kiko wapi —