Sahihi Yangu Juu ya Bwawa la Kiboko

Jumanne, 4 Juni

Uji, dawa ya presha, kisha matembezi kando ya ziwa hadi bandarini na kurudi. Upepo mkavu. Nikirudi nimepita mbele ya hoteli yenye bwawa la kiboko, nimeona jina langu ukutani, ndani ya fremu ya kioo, juu ya dirisha la tiketi.

Ni ukurasa wa saba wa ripoti yangu. Peke yake.

Niandike ilivyokuwa, ili hasira isinichanganye. Mwezi wa tatu mwenye hoteli, ambaye wote tunamwita Patron, aliniomba niandike masharti ya kumtunza Bijou, kiboko jike aliyeokotwa mdogo kwenye mto Lukuga baada ya mama yake kuuawa. Nilifundisha biolojia miaka thelathini na minne. Nani mwingine angeombwa? Niliandika kurasa sita, kila ukurasa sharti moja na sababu zake. Kivuli. Matope. Maji safi kila siku, bila javeli, ile dawa kali ya kufulia. Ukuta unaofika kifuani pa mtu mzima. Mtu asiingie naye majini. Mtu asisimame kati yake na maji. Ukurasa wa saba ulisema tu "Imethibitishwa na mtaalamu", kisha jina, sahihi, muhuri wa shule.

Nilitia sahihi mezani pa Patron, soda mkononi, kabla bwawa halijajengwa. Hapa kwetu karatasi husomwa kuanzia kwenye muhuri, na mara nyingi huishia hapo hapo. Nilijua. Miaka yote ile ya biro za shule, ofisi baada ya ofisi, nilijua.

Mama Odette, mke wangu, amecheka hadi akaweka ungo chini. "Mahari yangu mulibishana miezi minane. Mambo ya kiboko umeyamaliza na soda moja."

Sikucheka.

Alhamisi, 6 Juni

Nimeingia ndani. Simiti tupu. Kivuli hakuna. Ukuta unafika magotini pangu. Javeli inachoma macho.

Mtunzaji ni Kisimba, wa familia ya wavuvi wa Mpala, sasa baba wa watoto wanne. Alikuwa mwanafunzi wangu, dawati la nyuma, bingwa wa kusinzia. Nimemkuta anamsugua Bijou mgongo kwa brashi ya sakafu na sabuni, povu jekundu.

"Njo damu, Mwalimu. Inamutoka kila siku. Tunaisafisha, kisha tunamupaka mawese ang'are, wageni wasiogope."

Si damu. Nimemweleza polepole, kama zamani. Ngozi ya kiboko hutoa majimaji mekundu, nayo ndiyo kinga yake dhidi ya jua na vidonda. Kila asubuhi wanamvua dawa yake, halafu wanamkaanga juani kwa mafuta. Mgongo wake umepasuka kama udongo wa kiangazi. Kisimba ameiweka brashi chini.

Halafu onyesho. Kisimba anagonga ndoo, Bijou anapanua kinywa, watu wanapiga makofi. "Anacheka! Bijou anacheka!"

Hacheki. Kiboko akipanua kinywa namna ile anakuonyesha meno ili uondoke. Kila siku anawafukuza, na kila siku wanamshangilia.

Jumapili kuna arusi. Patron anataka Kisimba aingie majini, aweke kichwa ndani ya kinywa kile.

"Kataa," nimemwambia.

"Nikikataa, Papa, getini kuna kumi wanangojea nafasi yangu."

Ijumaa, 7 Juni

Patron amenipokea vizuri mno. Kiti, maji baridi. Nimetaja sharti la tano na la sita. Amenyoosha kidole kuelekea ukutani. "Lakini Papa Profesa, si ni wewe ulithibitisha?"

Kisha biro ya mazingira. Karani amefungua faili. Ndani mna karatasi moja. Ukurasa wa saba.

"Iko na muhuri, Papa. Iko sawa."

Nimesema kurasa zote ziko nyumbani. Amesema biro inafungwa, nizilete Jumatatu. Arusi ni Jumapili. Mjinga. Si yeye. Mimi.

Jumamosi, 8 Juni

Biro imefungwa. Nimeandika masharti yote upya kwa herufi kubwa. Kesho nitamshika Kisimba mkono na kumtoa pale, Patron apende asipende.

Jumapili, 9 Juni

Baada ya misa nimekwenda. Arusi imejaa, spika zinapiga. Niende moja kwa moja kwa Kisimba, ndivyo nilivyopanga. Lakini njia inapita chini ya fremu. Nimeliona jina langu na hasira imenipanda. Nimepanda kiti cha plastiki niing'oe. Msumari umekataa.

"Papa, unaiba picha ama?" mama mmoja wa kwaya ameuliza. Watu wamecheka.

Bado nilikuwa navuta niliposikia mayowe.

Kisimba alikuwa amekataa kuingia majini. Ndipo Patron akaamuru Bijou atolewe juu ya simiti, maharusi wapige naye picha. Spika ikalia vibaya. Kiboko akishtuka hukimbilia maji. Kisimba aliwasukuma maharusi pembeni, yeye akabaki katikati. Sharti la sita. Bijou hakumng'ata. Alipita juu yake tu. Mguu umevunjika mara mbili.

Nilikuwa hatua ishirini kutoka kwake, juu ya kiti, nikishughulikia jina langu.

Jumatatu, 10 Juni

Nimepeleka kurasa zote kwenye biro ya mazingira, sahihi kwenye kila moja. Wamezisoma kwa dakika kumi. Bwawa limefungwa, na Bijou atatafutiwa mahali penye matete kando ya Lukuga. Ijumaa hawakuweza. Imebidi mguu wa mtu uwe muhuri.

Patron anasema Kisimba alikuwa amelewa. Mwongo. Kisimba hanywi.

Jumatano, 12 Juni

Hospitali. Mguu umefungwa plasta hadi pajani.

"Mwalimu, siku ya somo la kiboko nililala?"

"Ulilala."

"Basi nimelirudia."

Nimemweleza habari ya kiti na msumari. Yote. Ameangalia dari. Hakusema "si kitu". Baadaye ameuliza, "Wanamusugua tena?"

Sikujua.

"Basi uende uangalie."

Jumapili, 16 Juni

Bwawani maji ya javeli yamemwagwa. Wafanyakazi wawili wa hoteli na mimi tumebeba matope ya mto kwa beseni tangu asubuhi. Tumefunga turubai juu. Mgongo unaniuma. Ukutani umebaki msumari.

Bijou amelala kwenye matope. Wekundu wake umemtoka mgongoni, na hakuna anayeufuta. Nimekaa mbali, nyuma ya ukuta, nimemtazama kwa niaba ya Kisimba.

Saa nzima hakufungua kinywa.