Alama Nyekundu Chini ya Kikombe Chako

Mama Shanga wetu, leo umetimia mwaka tangu utuache, na kikombe chako bado kipo kabatini.

Ulikuwa mtu wa watu. Ulimtania kila mtu, ulikunywa chai ya moto kutushinda wote, na kucha zako ulizikata fupi bila rangi kwa ajili ya glavu za maabara. Ulitengeneza dawa za kutibu na kuzuia virusi vya Ukimwi. "Natunga shanga," ulituambia. Uliunganisha vipande vidogo vya protini, kimoja kimoja, hadi upate mnyororo mfupi wa kuziba mlango ambao kirusi hupitia kuingia kwenye seli. Kipande kimoja kikikosea nafasi, ulitupa mnyororo mzima ukaanza upya. Jina la shanga tulilishika. Maelezo yalitupita.

Sisi tulisikia neno virusi tu. Ndipo mdogo wako alipochukua rangi ya kucha, akaweka alama nyekundu chini ya kikombe kimoja, kiwe chako peke yako. Sote tulijua, tukanyamaza. Siku binti yake alipokinywea, mama yake alimpokonya mbele yako. Ukacheka.

"Mwache mtoto, chai yenyewe imeshapoa."

Siku ya mazishi, mwenzako wa kazini alikaa nasi jikoni. Mdogo wako akamuuliza kama na yeye kwao ana kikombe chake.

"Kikombe cha nini?" akashangaa. "Chumba chetu kina mashine na unga mweupe. Virusi havijawahi kuingia mle. Na hata vingeingia, jamani, tangu lini vikaambukiza kwa kikombe?"

Tuliona aibu. Tukajipa moyo kwamba labda hukujua, maana hukuifuta alama ile, ikakaa miaka tisa bila kubanduka, tukaisifu rangi kwa uimara. Kisha tukafungua mkoba wako. Ndani mlikuwa na miwani, kalamu mbili, na kichupa cha rangi ya kucha, nyekundu ileile, imebaki robo.

Alama ile uliipaka upya mwenyewe, ili sisi tusiwe na wasiwasi. Tusamehe.

Unakumbukwa na mama yako, kaka zako wawili, mtoto anayekuita Mama Mkubwa, na mdogo wako, aliyeandika haya, ambaye kila asubuhi anakunywa chai kwa kikombe chako.

Maisha yetu yote tutakukumbuka.