Kizibo cha Chupa ya Baba

Kaka Anselme,

Huku Lorraine plamu zimeiva, mama anapika jamu. Yule baba aliyekufukuza ulipotaka kiwanda kitengeneze chupa za manukato, akifoka, "Kioo cha kristali ni cha divai, manukato kauze kwa vinyozi!" ndiye aliyepuliza kioo cha moto kwa pumzi yake kikawa chupa ya kwanza ya manukato ya kiwanda. Ungeiona! Inang'aa kama maji ya chemchemi.

Kizibo chake cha kioo nilikisaga mimi hadi kikaenea shingoni mwake, nacho, unajua, hakiingii chupa nyingine. Kiwanda kimemuaga baba kwa chupa hiyohiyo, imejaa manukato, maana kifua kimemshinda, hatapuliza tena. Daktari huja kila asubuhi.

Chupa iko kando ya kitanda chake, wazi, na harufu inapungua kila siku. Kizibo amenipa nikutumie.

"Mwambie akilete mwenyewe," amesema.

Mdogo wako,
Odile