Filemoni Wawili na Sindano Moja

Same, 11 Machi 1954

Mpendwa Mshauri Bi Safia,

Shikamoo. Kabla hujasoma mstari wa pili nakusihi ufunge mlango, na kama kuna mtu amekaa karibu nawe hapo ofisini mtume akachote maji, kwa maana haya ninayoandika sijamwambia hata mama yangu mzazi, na nikijulikana nimekwisha. Ukiona lazima uyachape, basi badili majina yote, langu usiliweke kabisa, wala usiitaje hospitali, kwani Same ni mji mdogo na gazeti lako moja husomwa na watu arobaini.

Naomba msaada. Mimi ni kijana wa miaka ishirini na miwili, mzaliwa wa milimani huku Upare, nimesoma hadi darasa la kumi, na kwa mwaka mmoja na nusu nilikuwa karani wa hospitali, nikikaa mlangoni na kuandika vyeti vya wagonjwa, jina, jina la baba, kijiji, ugonjwa. Nilidhani nitazeekea pale, mpaka Agosti iliyopita wauguzi wawili walipohamishwa, ndipo Sista, yule Mzungu anayesimamia wodi, akaja mezani pangu, akautazama mwandiko wangu kwa muda mrefu, akasema, "Wewe unaandika kama mtu anayejali. Kesho njoo wodini."

Bi Safia, nataka ujue jinsi ninavyoipenda kazi hii, maana usipojua hilo hutaielewa hofu yangu. Siku ya kwanza sikujua hata kutandika kitanda, na muuguzi wetu wa zamani, Mzee Tumainieli, aliyejifunza kazi jeshini wakati wa vita, alinicheka mbele ya wagonjwa, "Karani, shuka si barua, haikunjwi hivyo!" Lakini leo nachemsha sindano kwenye stovu bila kuambiwa, nahesabu mapigo ya moyo, naweza kuweka sikio kwenye kifua cha mtoto nikasikia kichomi kabla hajakohoa, na kuna mzee mmoja aliyeletwa kwa machela kutoka Kifaru, niliyemlisha uji kwa kijiko siku kumi na moja, ambaye asubuhi moja alisimama mwenyewe akaenda mpaka mlangoni akatukana jua la Same, nami nikacheka mpaka machozi yakanitoka. Nikivaa shati langu jeupe lililotiwa wanga najiona mrefu. Sikujua kwamba mtu anaweza kuamka na kuitamani kazi.

Na sasa sikiliza jambo kubwa. Imepatikana nafasi moja ya kwenda kusomea uuguzi miaka mitatu katika hospitali kubwa, na Sista ameliandika jina langu kwa penseli, na mwisho wa mwezi huu ataliandika kwa wino na kulipeleka. Nilipoambiwa nilitoka nje nikakimbia kulizunguka jengo zima, mtu mzima mimi, na mpishi akauliza kama nyuki wamenivamia.

Lakini nimetenda kosa.

Sista ana sheria moja anayoirudia kama sala. Usimpe mgonjwa dawa mpaka jina litamkwe pamoja na la baba, na wewe usilitaje, bali muulize mgonjwa, na kama ni mtoto muulize aliyempakata, akitaja ndipo utazame cheti. Ni sheria nzuri. Wiki mbili zilizopita tulipokea watoto wawili, mmoja wa mama aitwaye Ruthi, mwenye malaria, na siku iliyofuata mwingine wa mama aitwaye Dorkas, mwenye kichomi. Wanawake hawa wameolewa na ndugu wawili, wanaishi ua mmoja huko juu. Na kwetu, kama hujui, mtoto wa kwanza wa kiume hupewa jina la babu mzaa baba, na mke hathubutu kulitamka jina la mkwe wake, akilitamka ni kama amemtukana mzee hadharani. Kwa hiyo mama humwita mwanawe "Baba" tu. Vyeti vya wodi bado naviandika mimi, na nilipomwandikisha Dorkas mambo yalikuwa hivi:

"Mtoto anaitwa nani, mama?"

"Anaitwa jina la mzee."

"Mzee yupi?"

"Muulize Ruthi."

Ruthi, kitanda cha nne, akajiziba mdomo kwa khanga. "Dorkas, wataka nife? Mkwe ni wako peke yako?"

Bibi mmoja wa kijiji chao akapaza sauti kutoka pembeni, "Andika Filemoni, karani! Mimi mwanawe hakunioa!" Wodi nzima ikacheka, nami nikacheka, nikaandika Filemoni wa pili.

Jumamosi yake saa nne asubuhi Ruthi alikwenda bombani kufua, akamwachia Dorkas mtoto. Joto lilikuwa kali, na kitanda cha Ruthi ndicho kilicho dirishani, basi Dorkas akamlaza mwanawe pale apate upepo, yeye akakaa kitanda chake cha sita akimpakata mtoto wa Ruthi. Nikaja na sinia. Kitanda cha sita, sindano ya penisilini. Nikauliza kama nilivyofundishwa, "Huyu nani, mama?" Akajibu, "Ni Baba." Bi Safia, nilijua kabisa kwamba hilo si jina. Nilijua kuna Baba wawili. Lakini niliona haya kumlazimisha mkwe wa watu atamke jambo ambalo hata mama yangu asingelitamka, nikaitikia kwa kichwa, nikachoma. Kitanda cha nne nikamnywesha aliyelala dawa ya malaria, nikaenda zangu nikijisifu kimoyomoyo kwa wepesi wa mkono.

Ruthi akarudi. "Mbona Baba analia?"

"Amechomwa sindano," akasema Dorkas, tena kwa wivu. "Wako kachomwa, wangu kanyweshwa maji."

Ruthi akapiga makofi. "Afadhali! Siku nne nzima wananipa maji machungu, kumbe sindano ipo!"

Ndipo nilipotambua kwamba nimewabadilishia watoto dawa. Nilimuuliza Dorkas kwa nini hakunizuia, akanishangaa, akasema, "Mwanangu, nani humzuia mtu anayegawa sindano?" Nikampa kila mtoto dawa yake ya haki, nikakaa kati ya vitanda viwili nikihesabu pumzi zao mpaka adhuhuri, na Mungu ni mwema, hakuna aliyedhurika. Kisha nikachukua vyeti vyote viwili nikaandika, kwa huo mwandiko wangu unaosifiwa, kwamba kila mtoto alipewa dawa yake saa nne kamili, basi.

Mzee Tumainieli aliona. Aliniambia, "Kila muuguzi ana sindano yake moja anayokwenda nayo kaburini. Nyamaza, usome, uwe mkubwa kuliko mimi." Watoto wamepona, wamepanda kwao kwa lori. Ruthi aliniletea mayai, na amenitangaza mlima mzima, sasa kina mama wanashuka wakiuliza yuko wapi yule kijana wa sindano ya malaria. Sista amesikia, akatabasamu, akasema, "Unaona? Wanakuamini."

Nikisema, ataifuta ile penseli, nami nitarudi mlangoni kuandika vyeti, na furaha hii yote itakuwa ya miezi saba tu. Nikinyamaza nitakwenda. Nifanye nini?

Ukinijibu, usiandike neno "Mshauri" juu ya bahasha. Andika: Bwana Eliufoo, Stesheni ya Treni, Same. Ndani utie bahasha ya pili isiyo na jina, uichore msalaba mdogo pembeni. Yeye hajui kitu, ila anajua kwamba yenye alama ni ya rafiki yake. Mimi hupita pale kila Jumanne na Ijumaa, treni ya Tanga inapoingia, nikijifanya naulizia mzigo. Tafadhali mzigo huo usikawie.

Ni mimi,
Karani mwenye hofu


JIBU LA BI SAFIA

Marahaba, mwanangu. Mlango nimeufunga, na aliyekuwa karibu nami nimemtuma maji mara mbili, sasa ananiuliza kama nafua. Majina yote yaliyo hapo juu nimeyabadili, na hata huyo wa stesheni nimempa jina jingine. Lakini bahasha ndani ya bahasha hutaipata. Jambo lako lina watoto wa watu ndani yake, na wako wauguzi wengi wachanga wanaohitaji kulisoma. Usizungukezunguke stesheni, watakudhania mwizi.

Kwanza nikupe haki yako. Nimeusoma ule mstari wa mzee wa uji na jua la Same kwa sauti, nikacheka nawe. Mtu akiipenda kazi namna hiyo haifai aipoteze kwa upumbavu. Na hiyo sindano yenyewe ilikuwa kosa la dakika moja, uliligundua, ukalirekebisha, ukakaa na watoto. Vizuri.

Sasa nikugombeze. Nafasi yako ya masomo umenililia nayo mpaka kwenye sahihi, lakini vyeti ulivyovidanganya umevitaja kwa mistari miwili ukasema "basi". Basi nini? Vyeti hivyo viko kabatini. Siku mtoto wa Ruthi atakaporudi na homa, daktari atasoma nini? Hatajua kwamba aliwahi kuchomwa penisilini. Na Ruthi yuko mlimani anahubiri kwamba malaria hutibiwa kwa sindano, kwa sababu wewe ulipokea mayai ukanyamaza. Yuko mama huko atakayemwaga maji machungu nyuma ya nyumba akisubiri sindano isiyokuja.

Tena kuna jambo ambalo wewe mwenyewe umeliandika bila kuliona. Sheria ya Sista yako ni nzuri kwa mtu anayeweza kutamka jina. Kwa wake wa milimani kwenu ni mlango usio na komeo. Sista ni mgeni, hajui mkwe ni kitu gani, anadhani kila mama akiulizwa atajibu. Katika wodi nzima wanaojua kwamba hawezi kujibu ni wewe na Mzee Tumainieli, na mzee amechagua kwenda na lake kaburini. Ukinyamaza nawe, Baba mwingine atalazwa karibu na Baba mwingine, na atakayebeba sinia siku hiyo huenda akaja na dawa kali kuliko penisilini. Kuona haya kwako kulikuwa kwa heshima, sikatai, hata sisi pwani tuna majina tusiyoyatamka. Lakini heshima ya mkwe isilipwe na mtoto.

Gazeti hili litafika Same Alhamisi. Ijumaa asubuhi, kabla ya dawa za kwanza, chukua vile vyeti viwili, nenda kwa Sista, usimame wima, useme, "Jumamosi ile nilimchoma mtoto wa kitanda cha nne sindano ya kitanda cha sita, kisha nikaandika uongo." Anza hivyo hivyo. Usianze na joto, usianze na dirisha, usianze na Dorkas. Mzee Tumainieli usimtaje hata kwa jicho, maungamo ni ya mtu mmoja. Usifute ulichoandika, karani kama wewe unajua. Piga mstari mmoja, andika ukweli chini yake, tia tarehe na jina lako.

Akimaliza kukasirika, na atakasirika, ndipo umweleze habari ya wakwe. Mwambie jina liulizwe mlangoni, kwa mtu anayeruhusiwa kulitaja, awe baba, jirani, au yule bibi mwenye sauti, kisha liandikwe pamoja na la baba yake kwenye kipande cha bendeji kitakachofungwa mkononi mwa mtoto kabla hajapewa kitanda. Mama asiulizwe tena. Mkono wa mtoto hauna mkwe. Ulikaa mlangoni mwaka na nusu, kazi hiyo unaijua kuliko yeyote hapo, na uanze nayo siku hiyo hiyo, iwe amekuruhusu kubaki wodini au amekurudisha mezani.

Je, atalifuta jina lako? Huenda. Sitakudanganya ili ulale vizuri. Ningekuwa mimi Sista ningelifuta wiki hii, nikakutazama mwaka mzima, nikaliandika tena. Lakini mimi si Sista, na wewe huendi kwake kununua nafasi. Nenda ukijua waweza kuikosa.

Halafu siku yako ya mapumziko panda mlimani, na mayai rudisha, au kama umeyala peleka sukari. Mwambie Ruthi mbele ya wenzake kwamba mwanawe aliponywa na maji machungu, na sindano ulimchoma kwa kukosea. Asipokuelewa usiseme "ilitokea". Sema "mimi". Watakucheka sana, maana wanawake wa kwenu nimeona wanajua kucheka. Waache wamalize, kisha warudie polepole: homa hii, dawa hii, vijiko vingapi, siku ngapi, hata kama mtoto amekwisha kuanza kucheza. Mwambie Ruthi arudie. Akikosea, mrudishe mwanzo. Usiteremke mpaka aseme sawasawa.