Kwa Baba Digna, Fundi Baiskeli wa Sokoni

Mwaka umetimia leo, Baba Digna, tangu ulipotutoka pale barazani kwenye kazi yako, pampu ikiwa bado mkononi. Watu walituambia moyo hutulia ukipita mwaka. Wangu bado.

Ifakara nzima ilikujua. Aliyetoka Malinyi na tairi limepasuka, aliyepakia mpunga hadi njiti za gurudumu zikakatika, wote uliwapokea kwa neno moja: "Karibu, tulikuwa tunakungoja." Hata mtu tusiyemjua. Nilipokuuliza unamngoja nani, ulicheka, ukasema huwezi kujua leo Mungu atakuja na baiskeli ya nani.

Kila Jumapili ulinitia aibu. Uliingia kanisani mahubiri yamekwisha, mikono myeusi kwa grisi, watu wanageuka kutazama. Nikikusema nyumbani unajibu, "Mama Digna, nilikuwa naye njiani. Alikuwa na pancha." Nilinuna siku nzima. Nilikuambia Mungu hataniwi.

Siku ile ya soko ulishika kifua, ukakaa chini katikati ya wateja. Nikasema nakimbia misheni kumwita padre akuletee Komunyo na mafuta matakatifu. Ukanishika kanga. "Usiende. Yupo hapa hapa. Kaa na mimi." Nikadhani ni ugonjwa unasema. Nikajinasua, nikakimbia.

Wakati wa kurudi padre alinitangulia kwa pikipiki. Nilipofika alikuwa anakupaka mafuta, nawe ulikuwa umeshakwenda. Kichwa chako kilikuwa mapajani mwa Mzee Mbwana, muuza samaki, aliyekuwa akikusomea dua ya kwao kwa sauti ndogo. Aliniambia kwa upole kwamba uliuliza mara tatu, "Mama Digna yuko wapi?"

Tangu hapo sikai. Misa ya alfajiri natoka kabla ya baraka. Nazunguka sokoni, nafika hadi kivukoni, narudi. Digna ananiuliza, "Mama, unatafuta nini?" Namwambia natafuta chumvi, na chumvi ipo nyumbani.

Mwezi uliopita Scolastica, muuza vitumbua, alianguka karibu na pale ulipokuwa ukikaa. Watu wakapiga kelele, "Mama Digna, wahi misheni!" Nikasema aende shemeji Viktor. Mimi nikakaa vumbini, nikampakata. Mashine ya kukoboa mpunga inanguruma, wachuuzi wanabishana, mtu mmoja akaniomba nisogee apitishe gunia lake. Scolastica akasema, "Usiondoke." Nikamjibu, "Siendi popote, dada." Alifariki mkono wake ukiwa mkononi mwangu, padre bado yuko njiani, na hakuuliza mtu yeyote yuko wapi.

Mungu alikuwepo pale, Baba Digna. Nilimjua bila kuambiwa, katikati ya kelele zote zile. Kumbe ulisema kweli. Basi hata siku yako alikuwepo. Aliyekosekana ni mimi. Nisamehe, mume wangu.

Unakumbukwa na mimi mkeo Balbina. Wanao Theodori na Digna. Mama yako mzazi, Bibi Justa. Mdogo wako Viktor. Na Mzee Mbwana, ambaye ameomba mwenyewe jina lake liwemo. Haitapita siku bila kukukumbuka.

Ifakara, Agosti 1957